Mtutu wa Kumi na Nne

Siku niliyokabidhi funguo za ghala la silaha, koplo aliyezipokea aliniuliza swali moja tu: kabati lipi ndilo lenye panya. Nikamwonyesha. Nilipofika nyumbani nikatambua kwamba yale ya maana sikumwambia. Yeye hakuuliza, nami nilikuwa na haraka ya kuondoka kama mtu anayeogopa kuitwa arudi. Ndiyo haya ninayowaandikia ninyi mliobaki mle ndani. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Yamo kwenye faili, na faili nazo zina panya wao.

Nilifika kituo cha Mokowe, pwani, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, msichana wa Mwingi ambaye hakuwahi kuona maji mengi hivyo yasiyonyweka. Nilikuwa nimehitimu uaskari wa wanyamapori na nilitarajia kupewa buti na doria. Badala yake karani akasoma jina langu, Mutheu, akatazama cheti changu cha ufundi wa chuma, akanionyesha kwa kidole chumba cha mawe chenye mlango mzito na dirisha moja la nondo. Humo alikuwamo Bwana Wafula, fundi wa silaha, mtu wa Bungoma, mfupi, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi. Hakunisalimu. Aliniwekea mezani bunduki iliyotolewa komeo, akasema, "Ipime msokoto."

Sikujua msokoto ni nini. Nilichojua ni kwamba bunduki hulia na risasi huenda.

Akaielekeza dirishani, akaniambia nichungulie mtutu kwa nyuma. Ndani niliona mifereji myembamba iliyochongwa ikijizungusha mpaka mdomoni, kama ngazi ya ndani ya mnara wa msikiti. Risasi inapopita, mifereji ile huikamata na kuizungusha, ikatoka nje inajizungusha yenyewe kwa kasi isiyosemeka. Mzunguko huo ndio unaoifanya iende pua mbele.

"Umewahi kuchezesha pia, ile ya kuzungushwa kwa kamba?" akaniuliza.

"Kwetu ni mchezo wa wavulana, Mzee."

"Hapa hakuna wavulana. Pia ikizunguka vizuri husimama. Mzunguko ukipungua, huanza kulewa. Ikilewa, hulala. Risasi ni hivyo hivyo, ila pia ikilala hakuna anayeumia."

Alinipa fimbo ya kusafishia, ile ambayo mpini wake huiacha izunguke bure, akafunga nchani kitambaa kikavu kinachobana. Nikaweka alama ya wino juu ya fimbo, nikaanza kusukuma taratibu. Fimbo ikageuka yenyewe mkononi mwangu kama kitu chenye uhai, nikashtuka nikaiachia. Bwana Wafula hakucheka. Nikaanza tena. Alama ya wino ilipomaliza duara na kurudi juu, nikasimama nikapima fimbo imeingia kiasi gani. Inchi kumi.

"Basi huo ni mtutu wa kumi," akasema. "Risasi inazunguka mara moja katika kila inchi kumi. Namba ikiwa ndogo, msokoto ni mkali. Namba ikiwa kubwa, msokoto ni mlegevu. Utachanganya wiki nzima, halafu utaacha."

Nilichanganya wiki mbili.

Siku hiyo hiyo aliniambia jambo jingine, nikaliandika kwenye daftari kwa herufi nzuri: risasi ndefu hutaka msokoto mkali. "Si nzito," akasema, akigonga meza. "Ndefu. Watu watakwambia nzito, kwa sababu mara nyingi iliyo nzito ndiyo iliyo ndefu. Usiwasikilize." Nikapigia mstari. Kuandika jambo, ndugu zangu, si kulijua. Nilihitaji miaka mingi kulijua hilo nalo.

Miaka yangu ya kwanza ilikuwa miaka ya kutu. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi haiheshimu serikali. Tuliwasha balbu ndani ya makabati mchana kutwa ili ikaushe hewa, tukaning'iniza vifuko vya mkaa mkavu, na bado kila Jumatatu kitambaa kilitoka mtutuni na rangi ya chai. Wakati wote nilikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nikifunga mlango, nafika kwenye tangi la maji, narudi kuushika. Nafika langoni, narudi. Askari walinitania kwamba mlango ule ulikuwa umenioa. Bwana Wafula hakunitania. "Fundi asiye na hofu," alisema, "mpe kazi ya kuchimba visima."

Kesi zilikuwa nyingi na nyingi zilikuwa za kijinga. Askari mmoja alilalamika mwaka mzima kwamba bunduki yake inatupa kushoto. Nikapima msokoto, nikatazama mifereji, nikakaza skrubu za darubini, nisione kitu. Mwishowe nilimkuta kantini akifungulia soda kwa mdomo wa mtutu. Chuma pale mdomoni kilikuwa kimepata pengo dogo kama la jino la mtoto, na pengo hilo lilikuwa likiisukuma kila risasi upande mara inapotoka. Niliusawazisha mdomo ule siku mbili. Soda niliyomnyang'anya sikumrudishia.

Bwana Wafula alipostaafu akaniachia fimbo, daftari la mitutu yote na hofu yake yote. Katika daftari hilo kila bunduki ilikuwa na ukurasa wake. Karibu zote za kulengea wanyama wasumbufu zilikuwa za kumi. Moja tu, ya zamani kuliko zote, ilikuwa ya kumi na nne. Ilitengenezwa enzi ambazo risasi za kazi ile zilikuwa fupi, na kwa risasi fupi ilikuwa na adabu kuliko dada zake. Nyepesi, kilimi chake cha kufyatulia laini. Aliyeipenda zaidi alikuwa Koplo Lali.

Lali alikuwa mtu wa Kizingitini, mrefu, wa maneno machache, mlenga shabaha bora niliyewahi kumpa bunduki. Hakupenda kuua. Kila alipoitwa kwa mnyama aliyegeuka hatari alikuwa akisoma dua kwanza, kisha anapiga mara moja, kisha anarudisha bunduki ikiwa imekwisha kusafishwa. Ninyi mnaojua kazi hii mnaelewa kwa nini nilimpenda mtu anayerudisha bunduki safi.

Halafu zikaja risasi mpya.

Za zamani zilikuwa na madini ya risasi ndani na ngozi ya shaba nje. Madini yale hubaki vipande vipande katika mzoga, tai wakila wanakufa. Hivyo makao makuu wakatuletea za shaba tupu; risasi zisizo na risasi, kama walivyosema askari, wakicheka. Maboksi yalipitia uwanja wa ndege wa Manda, yakavushwa kwa boti, yakafika mezani kwangu pamoja na barua. Barua ilisema: uzito ni ule ule, hakuna kinachobadilika. Nikaweka moja kwenye mizani. Uzito ule ule. Nikachukua tano nikazipiga kwa bunduki ya kumi, kwenye uwanja wetu wa shabaha, zikakaa pamoja kama vifaranga. Nikatia sahihi kwenye fomu ya kupokelea: zinafaa kwa silaha zote za kituo.

Silaha zote. Nilijaribu moja, nikaandika zote. Nilipima kwa mizani, sikupima kwa rula.

Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi. Ukitaka risasi ya shaba iwe na uzito ule ule, na upana hauwezi kuubadili kwa kuwa mtutu ni ule ule, lazima uirefushe. Mtoto wa darasa la sita angeliona hilo. Mimi nilikuwa fundi mwenye miaka ishirini na minane kazini.

Wiki ya tatu baadaye, saa tatu asubuhi, redio ikaita kutoka Kililana. Fisi alikuwa akitembea mchana kweupe mashambani, mate yanamtoka, ameuma punda wawili na mama mmoja aliyekuwa akipalilia. Mnyama mwenye kichaa hana kesho. Bunduki za kumi zilikuwa zimekwenda doria ya kaskazini. Nikafungua kabati, nikatoa ile ya kumi na nne, nikampa Lali na risasi kumi mpya. Mimi ndiye niliyempa, kwa mkono huu.

"Hii ndiyo yangu, Afande," akasema, akaipokea kwa mikono miwili.

Yaliyofuata aliniambia mwenyewe, na askari aliyefuatana naye aliyarudia hivyo hivyo. Walimkuta fisi amesimama mbele ya tuta la udongo lililoachwa na matingatinga ya barabara, tuta refu kuliko mtu, kiasi cha hatua mia na thelathini. Lali alilichagua tuta lile kwa makusudi: risasi ikipita mnyama, itaingia udongoni. Akalala chini, akasoma dua yake, akapiga. Vumbi likaruka kushoto, mbali kidogo na fisi. Hakuwahi kukosa vile. Fisi akageuka kuwatazama. Lali akavuta pumzi, akapiga ya pili. Safari hii hakuna vumbi lililoruka mahali popote. Wakasikia kelele za mwanamke, nyuma ya tuta.

Nyuma kule, kando, kulikuwa na jiko la mabati la mkulima aitwaye Njoroge. Alikuwa ameinama akipuliza moto. Risasi ilipita juu ya tuta, ikatoboa bati, ikamvunja nyonga; aliyepiga kelele ni mkewe. Walimbeba kwa gari mpaka Mokowe na kwa boti mpaka hospitali ya Amu, kisiwani. Fisi aliuawa siku ya pili, kwa bunduki nyingine. Lali alivuliwa silaha siku ile ile ya ajali.

Wachunguzi walikuja, wakachukua bunduki na boksi la risasi, wakaenda navyo bara, kwenye uwanja wao ulioko milimani. Siku tisa zilipita. Sikula vizuri hata siku moja. Nilizikagua bunduki zilizobaki mara tatu kila siku, na kila nilipozikuta sawa nilizidi kuogopa, maana kosa lililojificha ni baya kuliko linaloonekana. Kisha barua ikaja. Bunduki imejaribiwa, imekusanya risasi zote ndani ya kiganja cha mkono. Bunduki nzima. Risasi nzima. Kwa hiyo kosa ni la mlengaji, na baraza la nidhamu litakaa baada ya wiki mbili, na jalada litapelekwa polisi.

Nitaandika ukweli: nilifurahi. Kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, nilifurahi. Bunduki nzima maana yake ni fundi mzima.

Mchana wake Lali akaja dirishani pangu. Hakuruhusiwa kuingia tena. Alisimama nje ya nondo, amevaa kikoi na shati la nyumbani, nikamwona mdogo.

"Afande, yeo nimetoka Amu kwa daktari wa mato," akasema.

"Amesemaje juu ya macho yako?"

"Asema ni mazima. Lakini madaktari nao hukosea. Huenda mato yangu yananidanganya nami siyui. Nilikiona kifua cha yule fisi kama nnavyokuona wewe. Na tuta nililiona. Sasa najiuliza, tangu lini sioni? Wale wanyama wote wa nyuma, niliwapata kwa bahati?" Akashika nondo. "Mke wangu nimemwambia asinipe mtoto nimbebe ngazini. Naogopa nitakosa kuona kidaraja."

Nikamwambia atulie. Ni neno gani hilo la kumpa mtu! Alipoondoka nikabaki nimeshika ukingo wa meza. Mtu aliyekuwa na macho bora kituo kizima alikuwa akiogopa ngazi ya nyumbani kwake, na mimi nilikuwa nimefurahia barua.

Kesho yake nikapanda pikipiki mpaka Kililana, bila kumwambia mtu.

Mke wa Njoroge, Mama Njeri, alinikuta nimesimama mbele ya jiko lake. Alikuwa ametoka hospitali kuchukua nguo. Alitazama sare yangu kuanzia kofia mpaka buti.

"Wa nne wewe," akasema. "Wote mnakuja kutazama bati. Mtu yuko Amu, hamwendi kumtazama mtu."

"Nitakwenda, Mama. Nisamehe. Niruhusu nilione kwanza."

"Tazama. Halilipishwi."

Nilikuwa nimetarajia tundu la duara, dogo, kama la msumari mnene. Bati lilikuwa na ufa. Ufa mrefu kama pingili ya kidole changu cha kati, upande mmoja umechongoka na upande mwingine bapa. Nilikuwa nikitazama umbo zima la risasi, limelala ubavu. Haikuingia kwa pua. Ilikuwa imekwisha kulewa na kulala, ikawa inajipindua hewani, na kitu kinachojipindua hewani hakina njia; hewa hukisukuma itakako.

Nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Umeona nini?" Mama Njeri akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Sijui bado," nikasema. Nilijua.

Niliporudi ghalani nikachukua risasi ya zamani na risasi mpya, nikazisimamisha pamoja mezani. Haikuhitaji hata rula. Mpya iliipita ya zamani kama kaka anavyompita mdogo wake. Zilikuwa zimekaa kabati moja wiki tatu, rafu moja, na mimi nikipita mbele yake kila asubuhi.

Nikampigia simu Bwana Wafula. Siku hizi masikio yake ni mazito, kwa hiyo ilibidi nipige kelele siri yangu yote, na nadhani kantini nzima iliisikia. Aliposikia kumi na nne akaguna. Aliposikia shaba tupu akaguna tena.

"Lakini Mzee, kule bara imepiga vizuri! Ndani ya kiganja!"

"Wamepigia wapi?"

"Milimani."

"Milimani hewa ni nyembamba, binti yangu. Risasi iliyopungukiwa na mzunguko inaweza kujikokota ikasimama katika hewa nyembamba. Ninyi huko mko usawa wa bahari, hewa yote imewalalia. Pia ile ile, sakafu nyingine. Ipigeni hapo hapo ilipomuumiza mtu." Akakohoa. "Fomu ya kupokea alitia sahihi nani?"

Nikamwambia namshukuru, nikakata simu.

Mkuu wa kituo wakati ule alikuwa Bwana Kiptoo, mtu mwenye haki lakini mwenye hesabu. Nilimwekea mezani risasi mbili na picha ya bati. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango.

"Mutheu," akasema, "umebakiza miaka mingapi?"

"Miwili, afande."

"Makao makuu wameandika kwamba bunduki ni nzima. Hakuna aliyekuuliza wewe. Ukiomba jaribio hili, na likitokea unavyosema, watauliza nani aliyeidhinisha risasi hizi kwa silaha zote. Jina litakalosomwa kwanza ni lako. Unalijua hilo?"

"Najua."

"Na bado unaomba?"

Natamani niwaambie kwamba nilijibu mara moja. Nilitazama kalenda iliyokuwa nyuma ya kichwa chake, nikahesabu karo ya mwanangu wa mwisho, nikafikiria shamba la Mwingi, nikafikiria kwamba Lali ni kijana na anaweza kupata kazi nyingine. Nilifikiri hayo yote, na Bwana Kiptoo aliniacha nifikiri. Halafu nikamwona Lali akipapasa ngazi kwa mguu.

"Naomba," nikasema.

Bunduki ilirudishwa siku mbili kabla ya baraza kukaa. Mchunguzi mmoja alikuja nayo, mwanamke wa makamo asiyetabasamu, na nilimshukuru kwa hilo. Tulikwenda uwanja wetu wa shabaha asubuhi, jua limekwisha kupanda. Tuliiweka bunduki juu ya mifuko ya mchanga ili macho ya mtu yasiwe na lawama. Aliyevuta kilimi alikuwa mchunguzi mwenyewe. Lali alisimama mbali, mikono nyuma.

Kwanza risasi za zamani. Matundu matano ya duara, yote yangefunikwa na kifuniko cha chupa. Kisha risasi mpya, karatasi ikiwa hatua hamsini. Matundu yalikuwa na umbo la yai. Mchunguzi akayagusa kwa kidole. Tukasogeza karatasi hatua mia na thelathini. Akapiga tano. Tukatembea kwenda kutazama, na mwendo ule ulikuwa mrefu kuliko miaka yangu yote ya kazi. Nilikuwa nikiomba mambo mawili yasiyopatana: nione nilichokisema, na nisikione.

Karatasi ilikuwa na nyufa tatu, zimetawanyika. Mbili kamili za ubavu. Risasi mbili nyingine hazikugusa karatasi wala ubao.

Mwisho akachukua risasi mpya hizo hizo akazipiga kwa mtutu wa kumi. Duara, duara, duara, zote pamoja.

"Risasi nzima," mchunguzi akasema polepole, "na bunduki nzima."

"Ndiyo, afande," nikasema. "Ndoa ndiyo mbovu. Na aliyeifungisha ni mimi."

Nikampa nakala ya fomu. Alisoma sahihi yangu, akaikunja, akaitia mfukoni.

Nyuma yetu Lali alikuwa amekaribia. Alitazama karatasi kwa muda, akatia ncha ya kidole kwenye ufa mmoja.

"Kwa hivyo niliona sawa," akasema.

"Uliona, Lali. Yote uliyaona."

Alifunika uso kwa viganja vyote viwili, akachutama pale mchangani. Hatukumgusa.

Baraza lilimwondolea lawama. Mimi nilipewa barua ya onyo kali na nikaondolewa ghalani miezi sita, nikawekwa kuandika magari yanayoingia na kutoka langoni. Nilistahili zaidi, na wengine walisema hivyo nikiwasikia. Mtutu wa kumi na nne ulitolewa kazini. Amri ikaenda vituo vyote kwamba kila aina mpya ya risasi ipimwe urefu na ijaribiwe katika kila msokoto, pale pale itakapotumika. Ninyi mnaifuata amri hiyo leo na huwa nasikia mkinung'unika kwamba inachosha. Msokoto mkali kupita unaohitajika hukuza kidogo kasoro za risasi mbovu, ni kweli; shabaha inaweza kutanuka, matundu yakaachana kidogo. Mkikosa kuchagua vizuri, koseeni upande huo. Kutanuka kidogo si kulala.

Lali hakurudi kulenga. Aliomba kazi ya kufundisha askari wapya, akapewa. Tulisalimiana kwa heshima mpaka siku niliyostaafu, lakini dirishani pangu hakuja tena kuzungumza, wala sikumtegemea aje. Mtu niliyemfanya ayashuku macho yake hana deni la mazungumzo kwangu.

Linabaki moja. Hospitalini nilikwenda mara mbili, na mara zote mbili Njoroge alikuwa amelala kwa dawa. Aliporudi Kililana nikaenda nyumbani kwake, bila sare. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya shamba lake la simsim, mkongojo umeegeshwa gotini. Mama Njeri aliniletea kigoda akasimama mlangoni. Nikamweleza yote kwa maneno ya kawaida: risasi ilikuwa ndefu, mtutu haukuwa na msokoto wa kuitosha, na mimi ndiye niliyetakiwa kujua.

"Ungejuaje?" akauliza.

"Kwa kuipima urefu. Kwa rula."

"Hiyo rula ulikuwa nayo?"

"Ilikuwa mezani."

"Na kupima kunachukua muda gani?"

"Dakika moja," nikasema. "Pengine haifiki."

Alitazama simsim yake. Nilisikia Mama Njeri akivuta pumzi kule mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nilikuwa nimejiandaa hata kwa msamaha, ambao ungekuwa mgumu zaidi.

"Nilipokuwa nimelala kule Amu," akasema, "nilifikiria sana ni nani anayenichukia. Nilipitia majirani wote, mmoja mmoja. Nikamshuku hata ndugu yangu." Akausogeza mkongojo. "Kumbe hakuna aliyenichukia. Ni kwamba tu hakuna aliyenifikiria."